Eclipse Temurin: Java ya mifumo ya zamani isiyokuachia deni la leseni

Ofisi nyingi zina programu moja ya zamani inayotegemea Java (jukwaa la kuendeshea programu): mishahara, stoo, uhasibu wa SACCOS, kumbukumbu za wagonjwa. Aliyeiandika ameshaondoka, msimbo chanzo haujulikani uliko, na kila kompyuta mpya ikiletwa fundi hupakua Java ya kwanza anayoiona mtandaoni, hubofya kukubali masharti, kazi ikaendelea. Kule kukubali ndiko kunakozaa bili. Java ya Oracle na Temurin, ambayo ni Java huria, kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye msimbo ule ule na zinaendesha programu zile zile, ila mkataba unaoingia nao kwa kila moja ni tofauti kabisa.

Hapa naipima Temurin kama mbadala wa Java ya Oracle kwenye mifumo ya Java 8, 11 na 17, ambako mifumo mingi ya zamani bado imekaa. Kwa maoni yangu ofisi yoyote isiyokuwa na mkataba hai na Oracle inapaswa kuhamia huku, na kuhama kwenyewe kuchukuliwe kama kazi ya kupanga. Kuna vitu ambavyo kifurushi cha Oracle kilikuwa kikivibeba kimyakimya, na vikikosekana mfumo husimama siku ambayo watu wanasubiri mishahara.

Leseni ya Oracle ilivyogeuka

Sun Microsystems, kampuni iliyoiunda Java, ilianza kuutoa msimbo wake chini ya leseni huria iitwayo GPL, toleo la 2, mwaka 2006, na mwaka 2007 ikafungua sehemu kubwa ya maktaba zake. Hiyo ndiyo OpenJDK. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 iliendelea na mambo mawili sambamba: OpenJDK iliyo huria, na kifurushi chake yenyewe chenye leseni nyingine. Kwa miaka mingi kifurushi hicho kilikuwa chini ya leseni iitwayo BCL (Binary Code License), iliyoruhusu matumizi ya bure kwenye kompyuta na seva za kawaida, hata za biashara, isipokuwa vipengele vichache vilivyotajwa kuwa vya kulipia. Watu wakazoea kwamba Java ni ya bure, basi.

Matoleo ya mwisho ya Java 8 chini ya BCL ni 8u201 na 8u202 (yaani sasisho la 201 na la 202), ya Januari 2019. Kuanzia 8u211, lililotoka tarehe 16 Aprili 2019, leseni ni ile ya OTN (Oracle Technology Network). Hiyo inamruhusu mtu binafsi kwa mambo yake, na mwandishi wa programu anayeandika na kujaribu. Ofisi inayoitumia kuendesha shughuli zake za kila siku inatakiwa kulipa. Java 11 ya Oracle ilikuwa chini ya OTN tangu ilipotoka Septemba 2018.

Pabaya zaidi ni kwenye sasisho la moja kwa moja. Java 8 ya Oracle kwenye Windows huja na kisasishi chake, jusched.exe, kinachochungulia pembeni mwa skrini na kumwomba mtumiaji asasishe. Karani wa stoo aliyebofya tu ili kile kidirisha kimtoke machoni aliivusha kompyuta ya ofisi kutoka leseni ya bure hadi leseni ya kulipia. Ilani ya leseni huenda hakuisoma, na mkuu wake wa TEHAMA huenda hajui mpaka leo.

Java 17, ya Septemba 2021, ilikuja na leseni ya tatu, NFTC (No-Fee Terms and Conditions), inayoruhusu matumizi ya bure hata kazini. Wengi wakashusha pumzi. Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo ina ukomo: sasisho za bure hukoma mwaka mmoja baada ya toleo la muda mrefu linalofuata. Java 21 ilitoka Septemba 2023, hivyo dirisha la Java 17 lilifungwa Septemba 2024. Toleo 17.0.12 ni la NFTC, 17.0.13 na yanayofuata ni ya OTN. Kwa Java 21 ukomo ni Septemba 2026, kwa kuwa Java 25 ilitoka Septemba 2025. Fundi anayesasisha kwa mazoea anaweza kuvuka mstari bila kutambua.

Jambo moja hueleweka vibaya mara nyingi: leseni hufuata toleo ulilopakua. Kopi yako ya 8u202 bado iko chini ya BCL na hakuna anayeweza kuibadilisha kwa kurudi nyuma. Unaweza kuiendesha kihalali. Lakini imekosa viraka vya usalama vya tangu 2019, na kwa mashine iliyo kwenye mtandao mimi siwezi kulipendekeza hilo.

Bei inayohesabu vichwa

Kabla ya 2023 Oracle iliuza Java kwa dola 2.50 kwa mwezi kwa kila mtumiaji wa kompyuta ya mezani, na dola 25 kwa mwezi kwa kila prosesa ya seva. Tangu Januari 2023 kipimo ni idadi ya waajiriwa wote, wawe wanaigusa Java au hawaigusi: wa kudumu, wa muda, vibarua, pamoja na watu wa makandarasi na washauri wanaosaidia shughuli za ndani. Bei ya orodha kwa taasisi yenye watu 1 hadi 999 ni dola 15 kwa kichwa kwa mwezi. Hupungua taasisi ikikua: dola 12 kwa watu 1,000 hadi 2,999, dola 10.50 kuanzia 3,000, na kuendelea kushuka.

Chukua hospitali ya watu 200 yenye kompyuta 20 za mapokezi na maabara zinazotumia Java, na seva moja ya prosesa moja. Kwa bei ya zamani: 600 kwa kompyuta na 300 kwa seva, jumla dola 900 kwa mwaka. Kwa bei ya sasa: 200 mara 15 mara 12, dola 36,000. Ni mara 40, na Java ni ile ile. Mlinzi wa getini na mpishi wa wodini wamo kwenye hesabu.

Temurin inakupa nini kisheria

Temurin hutengenezwa na mradi wa Adoptium ulio chini ya Eclipse Foundation. Ulianza ukiitwa AdoptOpenJDK mwaka 2017, ukahamia Eclipse mwaka 2021. Msimbo ni wa OpenJDK, na vifurushi hupitishwa kwenye jaribio rasmi la ulinganifu wa Java pamoja na mkusanyiko wa majaribio ya mradi wenyewe uitwao AQAvit. Kwa hiyo hoja ya "hii si Java halisi", ambayo wauzaji wengine hupenda kuitoa, haina mashiko.

Leseni ni GPL toleo la 2 pamoja na ruhusa ya ziada ya Classpath. Watu husikia GPL wakaogopa kwamba mfumo wao wa mishahara utalazimika kutolewa wazi. Hofu hiyo ndiyo ruhusa ya ziada iliyowekwa kuiondoa. GPL peke yake ingeacha nafasi ya kubishana: programu yako inaita madarasa ya maktaba ya Java, je, si kazi moja na maktaba hiyo? Ruhusa ya Classpath inasema bayana kwamba unaweza kuunganisha moduli zako zinazojitegemea na maktaba hizo, na kuzisambaza kwa masharti unayoyataka wewe. Programu yako inabaki yako.

Na kama hausambazi, unaitumia ofisini tu, GPL haikudai chochote. Kuendesha programu hakuna sharti, hakuna kuhesabu watu, hakuna tarehe ya mwisho. Hiki ndicho kilichonifanya niipe Temurin alama ya juu. Urahisi wa kusakinisha na kasi ni vitu vizuri, lakini Corretto ya Amazon na Zulu ya Azul, Java nyingine zilizojengwa juu ya OpenJDK, nazo zinavyo.

Kabla ya kung'oa: tafuta Java zote

Kufungua orodha ya programu kwenye Windows hakutoshi. Java huweza kukaa ndani ya folda ya programu nyingine bila kujitangaza. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

dir C:\java.exe /s /b

Kwenye Linux:

find / -name java -type f 2>/dev/null

Kila njia utakayoipata, iendeshe ukiongeza -version mwishoni. Ukiona "Java(TM) SE Runtime Environment", hiyo ni ya Oracle. Ukiona "OpenJDK Runtime Environment", angalia jina linalofuata: Temurin, Corretto, Zulu. Andika toleo kamili, kwa sababu 8u202 na 8u211 ni mambo mawili tofauti mbele ya mwanasheria.

Java uliyoikuta ndani ya folda ya programu ya kununua usiifute hovyo. Huenda muuzaji ana haki ya kuisambaza pamoja na bidhaa yake. Mwombe barua inayosema hivyo. Bidhaa za Oracle zenyewe, kwa mfano WebLogic, huja na haki ya kutumia Java kwa ajili ya bidhaa hiyo. Haki hiyo haiendi kwenye programu nyingine iliyo kwenye mashine hiyo hiyo, na hapo ndipo wengi huteleza: Java ipo, kwa nini nisiitumie na kwa mfumo wa stoo? Kwa sababu hukuruhusiwa.

Kisha nakili pembeni vitu vitatu kutoka Java ya zamani kabla hujaiondoa: faili la vyeti lib\security\cacerts, folda nzima ya lib\ext, na faili zozote za .dll ndani ya bin ambazo si za Java yenyewe. Sababu utaiona hapa chini.

Kusakinisha

Kwenye Windows chagua kifurushi cha .msi. Kwa kompyuta ya mtumiaji JRE, yaani sehemu ya kuendeshea programu tu, inatosha. JDK ni kwa anayeandika programu, au kama mfumo unahitaji zana zake. Ondoa kwanza Java ya Oracle, washa upya mashine, ndipo uweke Temurin. Ukianza kwa kuweka Temurin halafu ukaondoa ya Oracle, kiondoaji cha Oracle kinaweza kufagia funguo za rejista ambazo Temurin nayo inazitegemea.

Kisakinishi kina machaguo mawili ambayo kwa kawaida huja yakiwa yamezimwa, na mifumo ya zamani huyahitaji yote mawili: kuweka JAVA_HOME (kigezo kinachoonyesha Java iko folda gani), na kuandika funguo za JavaSoft kwenye rejista. Kwa mashine nyingi kwa mpigo, amri ni hii, bila nafasi yoyote baada ya alama za mkato:

msiexec /i jina-la-faili.msi ADDLOCAL=FeatureMain,FeatureEnvironment,FeatureJarFileRunWith,FeatureJavaHome,FeatureOracleJavaSoft /quiet

Hiyo ya mwisho, FeatureOracleJavaSoft, ndiyo inayowaokoa watu wa programu zenye kianzishi cha .exe kilichotengenezwa zamani. Vianzishi hivyo huitafuta Java mahali pamoja tu, HKLM\SOFTWARE\JavaSoft, na visipoikuta humwambia mtumiaji aende kupakua Java. Mtumiaji mtiifu ataenda, na Oracle itakuwa imerudi mlangoni.

Ukimaliza, andika where java. Kama mstari wa kwanza unaonyesha folda ya Oracle yenye jina javapath, mabaki hayajatoka. Lifute jina hilo kwenye PATH ya mfumo, yaani orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu.

Kwenye Ubuntu na Debian, Adoptium wana hazina yao ya vifurushi. Ukishaiongeza, apt install temurin-17-jdk inatosha. Kwa uaminifu lazima niseme pia kwamba vifurushi vya OpenJDK vya Ubuntu na Debian wenyewe viko chini ya leseni ile ile, na kama seva yako inaishi na toleo la Java la mfumo wake, huhitaji Temurin hata kidogo. Faida ya Temurin kwenye Linux ni kuwa na toleo moja sawasawa kwenye seva zote, za Windows na za Linux. Kosa la kawaida huku: fundi hubadilisha java kwa update-alternatives, anaangalia java -version, anafurahi, kumbe huduma ya Tomcat ina JAVA_HOME yake ndani ya faili la systemd na bado inaendeshwa na Java ya Oracle. Thibitisha kwa ps -ef | grep java, uone njia kamili. Hili linawahusu sana wanaoendesha DHIS2 (takwimu za afya) na OpenMRS (kumbukumbu za wagonjwa) katika Afrika Mashariki: mifumo yote miwili inafanya kazi juu ya OpenJDK, wala haihitaji kifurushi cha Oracle. Kama seva yako imekibeba, kimo kwa mazoea tu.

Wanaotumia kontena: picha ya Docker iliyokuwa ikiitwa openjdk ilisitishwa rasmi. Tumia eclipse-temurin, kwa mfano eclipse-temurin:17-jre.

Mahali mambo yanapoharibika

*Vyeti.* Oracle ina orodha yake ya mamlaka za vyeti. Temurin huchukua ya Mozilla. Tofauti hii huonekana kwa nadra. Kinachoonekana kila mara ni vyeti ambavyo fundi wa zamani aliviingiza kwa mkono ndani ya cacerts ili mfumo uongee na benki au seva ya ndani. Ukiondoa Java ya zamani vimeondoka nayo, na programu inatoa kosa la "PKIX path building failed". Dawa ya haraka ni keytool, zana ya vyeti inayokuja na Java: toa cheti kwenye nakala uliyoihifadhi kwa -exportcert, kiingize kwenye cacerts mpya kwa -importcert, nywila ya kawaida ni changeit. Dawa ya kudumu ni kutokuweka vyeti vyako ndani ya Java kabisa, kwa sababu sasisho linalofuata litavifuta tena. Tengeneza faili lako la vyeti, kisha uuambie mfumo lilipo wakati wa kuuanzisha:

-Djavax.net.ssl.trustStore=C:\mfumo\vyeti.jks

*TLS ya zamani.* Tangu Aprili 2021 Java zote mpya, ya Oracle na za OpenJDK, huzima TLS 1.0 na 1.1, itifaki za zamani za kusimba mawasiliano ya mtandao. Anayetoka 8u202 kwenda Temurin 8 ya sasa atakuta mfumo hauongei tena na hifadhidata ya zamani kama SQL Server 2008 isiyosasishwa, naye atailaumu Temurin. Haina hatia, Java mpya ya Oracle ingefanya vivyo hivyo. Suluhisho sahihi ni kuisasisha hifadhidata. Ikiwa haiwezekani leo, usihariri faili kuu la java.security. Nakili mstari wa jdk.tls.disabledAlgorithms kwenye faili dogo la pembeni, ondoa TLSv1 na TLSv1.1 kwenye nakala hiyo, kisha uanzishe mfumo huo mmoja kwa:

-Djava.security.properties=C:\mfumo\zamani.security

Hivyo udhaifu unabaki kwa programu moja, na Java ya mashine nzima inabaki imefungwa.

*Mstari wa kuanzishia.* Mifumo mingine ya Java 8 huanzishwa na -XX:+UnlockCommercialFeatures, kwa ajili ya kinasa matukio kilichokuwa cha kulipia. OpenJDK haikitambui kiswichi hicho na hukataa kuwaka kabisa. Kifute. Kinasa chenyewe, Flight Recorder, kilifunguliwa kwenye Java 11 na kurudishwa kwenye OpenJDK 8u262 ya mwaka 2020, kwa hiyo hupotezi kitu. Na kama uliwahi kuwasha kiswichi hicho enzi za BCL, jua kwamba ulikuwa unatumia kipengele cha kulipia hata wakati Java ilipokuwa bure.

*Fonti na karatasi.* Hili huwashangaza watu kuliko yote. Java 8 ya Oracle ilibeba fonti za Lucida na injini ya kuchora herufi ya T2K, vyote vya wamiliki wengine. OpenJDK haina Lucida na hutumia FreeType. Upana wa herufi hutofautiana kwa nukta chache. Kwenye skrini hutaona. Kwenye hati ya mshahara iliyopangwa kwa JasperReports (zana ya kutengeneza ripoti), neno la mwisho hukatika, au ukurasa wa pili huzaliwa ukiwa na mstari mmoja. Chapisha mapema stakabadhi, ankara na hati za mishahara, uzilaze juu ya zile za zamani. Marekebisho ni kuipa ripoti fonti yake mahususi, kama DejaVu, badala ya kutegemea ya mfumo. Kwenye seva ya Linux isiyo na skrini, ukikutana na kosa linalotaja sun.awt.FontConfiguration, sakinisha fontconfig na fonts-dejavu-core.

*Vifaa vya bandari ya serial.* Mizani na printa za risiti za zamani hutumia maktaba ya RXTX kuongea na bandari hiyo: RXTXcomm.jar ndani ya lib\ext, rxtxSerial.dll ndani ya bin. Ndiyo maana uliambiwa kuvinakili. Virudishe kwenye Temurin 8, na hakikisha biti zinalingana: .dll ya biti 32 haiingii kwenye Java ya biti 64. Temurin 8 ina kifurushi cha biti 32 kwa Windows. Kuanzia Java 9 utaratibu wa lib\ext ulifutwa, na Java ikiikuta folda hiyo hukataa kuwaka. Mfumo wa namna hii ubakize kwenye Java 8.

*Kuruka matoleo.* Kuhama kutoka Oracle kwenda Temurin na kuhama kutoka Java 8 kwenda 17 ni safari mbili. Usizifanye siku moja. Java 11 iliondoa vipengele vya JAXB na CORBA, Java 15 ikaondoa Nashorn (injini ya JavaScript), na Java 17 ikafunga milango ya ndani ambayo maktaba nyingi za zamani zilikuwa zikipenya, zikitoa kosa la InaccessibleObjectException. Badilisha kwanza muuzaji ndani ya toleo lile lile. Hatari ni ndogo na suala la leseni linakwisha hapo hapo.

*Visivyokuwepo kabisa.* Temurin haina Java Web Start, haina kiendesha-apleti cha kivinjari, haina JavaFX (maktaba ya kuchora madirisha ya programu). Kwa mifumo inayofunguka kwa faili la .jnlp, ongeza OpenWebStart, ambayo nayo ni huria. Kwa JavaFX, chukua Liberica, Java nyingine ya OpenJDK, katika kifurushi chake cha Full, au Zulu yenye FX; leseni zake kwa OpenJDK ni hizo hizo. Kwa apleti, Chrome ilifunga mlango mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017, na hakuna Java itakayoufungua. Mfumo huo unahitaji kuandikwa upya. Na Temurin inaanzia Java 8. Programu inayosoma Microsoft Access kwa daraja la JDBC-ODBC ilikwama Java 7, kwa kuwa daraja hilo liliondolewa kwenye Java 8. Draiva iitwayo UCanAccess inaweza kuziba pengo, mradi unaweza kubadilisha jina la draiva na anwani ya muunganisho kwenye faili la mipangilio.

Kwa wanaouza programu

Kampuni inayouza mfumo wa mauzo na kuweka Temurin ndani ya kisakinishi chake inasambaza, na hapo GPL inaanza kudai. Masharti hayachoshi. Usifute folda ya legal (kwenye Java 8 ni faili za LICENSE, ASSEMBLY_EXCEPTION na THIRD_PARTY_README), hata ukipunguza ukubwa wa Java kwa zana yake ya jlink. Mpe mteja msimbo chanzo wa toleo lile lile hasa ulilompa, au ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka 3. Ahadi ni mzigo, kwa sababu lazima uutunze msimbo huo muda wote huo. Rahisi zaidi ni kupakua faili la sources ambalo Adoptium hulitoa pamoja na kila toleo, ukaliweka kwenye flashi ile ile, au kwenye ukurasa ule ule wa kupakulia. Kubandika kiungo cha Adoptium na kusema "msimbo uko kule" si njia ninayoishauri. Ukurasa wa watu wengine ukihama, wewe ndiye unayeulizwa.

Ukibadilisha msimbo wa Java yenyewe, mabadiliko yako yanaingia chini ya GPL. Wachache sana hufanya hivyo.

Kasoro zake

Temurin kwenye Windows haina kisasishi cha moja kwa moja. Viraka vya usalama hutoka Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kama hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo, utakuwa na Java halali iliyooza. Winget, zana ya Windows ya kusakinisha programu kwa amri, husaidia: winget upgrade EclipseAdoptium.Temurin.8.JRE. Pia hakuna namba ya simu ya kupiga. Anayetaka mkataba wa msaada anunue kwa kampuni kama Azul au IBM, kwa bei isiyofungamana na idadi ya walinzi.

Na kuna jambo ambalo Temurin haiwezi kukufanyia. Kuondoa Java ya Oracle leo hakufuti matumizi ya jana. Barua pepe ya Oracle ikija kuuliza matumizi yenu ya Java, isijibiwe na fundi kwa ukarimu ndani ya dakika tano. Ipelekeni kwa mwanasheria pamoja na orodha: jina la mashine, njia ya faili, toleo kamili, leseni ya toleo hilo, programu inayolitumia, tarehe ya kuondolewa. Msifute kumbukumbu zozote kwa hofu. Orodha inayoonyesha kwamba mashine 18 kati ya 20 zilikuwa kwenye 8u202 ndiyo utetezi wenu.

Mwisho, zuieni mlango wa kurudia. Kwenye kompyuta za watumiaji ondoeni haki ya usimamizi, na kwenye mtandao wa ofisi fungeni anwani za kupakulia Java ya Oracle. Weka faili la .msi la Temurin kwenye folda ya pamoja ambayo kila fundi anaijua, likiwa na thamani ya SHA-256 (alama ya kuhakiki kwamba faili halijabadilishwa) pembeni yake ili alilinganishe kwa certutil -hashfile kabla ya kulitumia.